Habari za Divai Tamu ya Tokaj, na Vyakula Viliwavyo Pamoja Nayo

Nimeombwa niandike habari moja ya kale katika kitabu hiki cha Yubile, nami nimechagua habari ambayo huenda wengine wakaistaajabia, yaani habari ya divai. Sababu yangu ni hii. Kila mwaka twawafundisha watoto habari za shamba la mizabibu, na za shinikizo, na za wale wavunaji walioajiriwa saa ya kumi na moja, na za arusi ya Kana. Walakini wengi wetu tumefundisha mambo hayo bila kupata kuuona mzabibu kwa macho, wala hatujui kazi yake. Siku moja mtoto wa darasa la tano aliniuliza, "Mwalimu, zabibu zikiachwa shambani hata zikaota ukungu, je, zitatupwa?" Nikajibu upesi, kama mtu ajuaye, kwamba hutupwa. Baadaye nikasoma, nikaona ya kuwa nilimwambia yasiyo kweli. Basi haya niyaandikayo ni kama kulipa deni kwa mtoto yule.

Tena naomba nieleweke. Siandiki ili kumvuta mtu katika ulevi, maana ubaya wa ulevi sote twaujua, na nyumba zilizovunjika kwa ajili yake tumezihesabu. Naandika habari ya kazi ya mikono ya watu, na ya nchi yao, na ya mambo yaliyowapata.

Katika nchi ya Hungaria, upande wa kaskazini na mashariki, iko milima iitwayo Zemplén. Chini ya milima hiyo upo mji mdogo jina lake Tokaj, na kuuzunguka viko vijiji vingi vyenye mashamba ya mizabibu. Mji pamoja na vijiji hivyo, jumla yake ni 27. Udongo wa huko watokana na milima iliyokuwa ikitoa moto zamani sana, kabla ya watu. Hapo Tokaj mito miwili yakutana, mmoja waitwa Bodrog na mmoja waitwa Tisza. Mito hiyo ndiyo siri ya habari yote. Yafikapo majira ya majani kupukutika, mwezi wa Oktoba, usiku huwa na baridi na maji ya mito yangali na joto kidogo. Basi asubuhi ukungu hupanda kutoka mitoni, ukafunika mashamba hata mtu asimwone mwenziwe wa mstari wa pili. Kisha karibu na adhuhuri jua hutoka, ukungu ukatoweka, zabibu zikakauka.

Hapa lugha yetu yatusaidia kuliko lugha nyingi za Ulaya. Sisi twaita ukungu ule upandao mtoni asubuhi, na tena twaita ukungu ule uotao juu ya mkate uliolala. Neno ni moja. Na huko Tokaj ukungu wa kwanza huuleta ule wa pili. Maana katika unyevu wa asubuhi huota juu ya zabibu kuvu ndogo sana, ambayo wataalamu huiita Botrytis cinerea. Kuvu hiyo hutoboa ganda la tunda kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Jua la mchana likija, maji ya ndani ya tunda hutoka kwa vitundu hivyo, na tunda husinyaa, likawa kama zabibu kavu. Lakini sukari yake na uchachu wake hubaki, vikakusanyika pamoja katika tone dogo. Mtu asiyejua akiona tunda hilo, jeusi-jeusi, lenye vumbi la kijivu, atasema limeoza. Nami nilisema hivyo hivyo.

Lakini mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, wala jua lisitoke, kuvu ile ile huwa adui: matunda huoza kweli, na mazao yote hupotea. Kwa hiyo mwenye shamba aachaye zabibu zake mpaka mwisho wa Oktoba, na hata Novemba, aweka rehani chakula cha watoto wake. Sisi tulimao mahindi twalijua jambo hili. Mahindi yakichelewa shambani, huja ndege, huja nyani na nguruwe, huja mvua isiyotazamiwa. Majirani wamekwisha kujaza ghala zao, nawe wangali ukilinda. Watu wa Tokaj wana desturi ya tangu zamani kwamba uvunaji mkuu huanza siku ya Mitume Simoni na Yuda, yaani tarehe 28 Oktoba, wakati ambapo sehemu nyingi za Ulaya divai mpya imekwisha kuchacha ndani ya mapipa.

Divai hiyo aghalabu haitoki katika namna moja ya zabibu, bali huchanganywa. Namna iliyo kubwa kuliko zote yaitwa Furmint. Hii huchelewa kuiva, na uchachu wake ni mwingi, nao uchachu ndio uti wa mgongo wa divai tamu, maana pasipo huo utamu wake ungechosha kinywa kama maji ya sukari. Ya pili ni Hárslevelű, na maana ya jina hilo ni jani la mti mmoja wa Ulaya wenye maua ya kunukia. Hii huleta harufu ya asali na maua. Ya tatu ni Sárgamuskotály, yaani muskati ya manjano, nayo hutiwa kidogo tu, kama mpishi atiavyo iliki. Sheria ya nchi yaruhusu namna nyingine tatu pia, lakini hizo nazipita.

Sasa nije kwa habari niliyoipenda mimi kuliko zote, ambayo imenifundisha neno.

Yasimuliwa ya kuwa karibu na mwaka 1630 palikuwa na mhubiri mmoja wa Kanisa la Matengenezo, jina lake Szepsi Laczkó Máté. (Watu wa Hungaria huweka jina la ukoo mbele, na jina la mtu mwenyewe nyuma, kwa hiyo Máté, yaani Mathayo, ndilo jina lake.) Huyu alikuwa mhubiri wa nyumba ya bibi mkubwa mmoja, Zsuzsanna Lorántffy, mke wa György Rákóczi, aliyekuja kuwa mtawala wa Transilvania. Wasema kwamba mwaka ule palikuwa na hofu ya vita, watu wakaogopa kutoka kwenda mashambani, na uvunaji ukachelewa hata zabibu zikasinyaa na kuota kuvu. Mhubiri hakutupa mazao ya bibi yake. Alizikusanya zile zilizosinyaa, akazikamua mbali na nyingine, na siku ya Pasaka akamletea bibi divai ambayo watu walikuwa hawajapata kuionja mfano wake.

Nilipoisoma habari hii nilifurahi mno. Mtu wa kazi kama yangu, mwalimu wa dini katika nyumba ya watu wakubwa, ndiye aliyevumbua divai ya wafalme! Nikaenda kwa yule mtoto, nikamwambia, "Nilikosea; sikiliza habari ya kweli," nikamsimulia yote. Kumbe nilikuwa nakosea mara ya pili. Maana Szepsi Laczkó Máté alikuwa mtu kweli, na kazi yake katika mashamba yale si uongo; lakini iko hati ya mwaka 1571, ya kugawanya mali, yenye kutaja divai ya aszú. Neno aszú maana yake ni iliyokauka, au iliyosinyaa, na ndilo jina la divai hiyo mpaka leo. Na katika kitabu cha maneno cha Szikszai Fabricius Balázs, aliyekufa mwaka 1576, jina hilo limo pia. Basi Máté alikuwa angali hajazaliwa, au ni mtoto mchanga, wakati ambapo watu wa Tokaj walikuwa wakiijua tayari divai ya zabibu zilizosinyaa.

Nani basi aliyeianza? Jina lake halikuandikwa. Yawezekana si mtu mmoja. Yawezekana ni wakulima maskini, walioona hasara kutupa tunda lolote, wakakamua hata yale mabaya, wakashangaa. Hadithi yapenda mtu mmoja mwenye jina na cheo, kwa kuwa mtu mmoja ni rahisi kukumbukwa. Nasema hili hasa kwa ajili yetu tuandikao vitabu vya Yubile. Nimeketi na wazee wa mtaa wangu nikiwauliza nani aliyejenga kanisa la kwanza la miti na udongo, nao wakanitajia jina moja; nilipozidi kuuliza, akina mama wawili wazee wakasema, "Nani aliyechota maji ya kukandia udongo ule? Nani aliyekata nyasi?" Majina yao hayamo katika daftari lolote. Sikulifuta lile jina moja, wala watu wa Tokaj hawakumfuta Máté. Lakini naandika sasa kwa hadhari zaidi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Wachumaji, na wengi wao ni wanawake, hupita katika mistari mara nyingi, wakichuma punje zilizosinyaa moja moja kwa mkono, si shada zima. Kutwa nzima mtu hupata kilo chache tu. Punje hizo zamani zilitiwa katika kapu la mti la kubebwa mgongoni, liitwalo puttony, lenye kuchukua kama kilo 25. Kisha zilipondwa zikawa kama uji mzito, zikalowekwa katika divai mpya ya zabibu za kawaida, ndani ya pipa la kijiji cha Gönc, ambalo kipimo chake ni lita 136. Makapu yakihesabiwa, utamu wajulikana: makapu matatu ni utamu wa kiasi, makapu sita ni utamu mwingi sana. Siku hizi hesabu yafanywa kwa kupima sukari, na tangu sheria ya mwaka 2013 divai iitwayo aszú haina budi kuwa na gramu 120 za sukari au zaidi katika kila lita. Kisha hulazwa ndani ya mapipa si chini ya miezi 18, katika mapango yaliyochimbwa ardhini, ambamo kuta zake zimefunikwa kwa ukungu mweusi mlaini kama manyoya ya paka. Hata huko, ukungu tena!

Tena kiko kitu kingine. Zile punje zikiwa zimerundikwa, kabla hazijapondwa, uzito wake wenyewe hukamua maji mazito chini ya chombo, tone kwa tone. Hayo huitwa eszencia. Sukari yake hupita gramu 450 katika lita moja, na kwa utamu huo hamira yashindwa kufanya kazi, hata huchacha kwa miaka mingi na kileo chake kikawa kidogo kuliko cha pombe ya kawaida. Hainywewi kwa bilauri. Huliwa kwa kijiko. Watu wa zamani waliifanya dawa ya wagonjwa mahututi, na wafalme waliamini itarudisha uhai. Wafalme wale wamekufa wote.

Habari za wakuu hao nitazipitia upesi. Ferenc Rákóczi wa Pili, aliyewaongoza watu wa Hungaria katika vita vya kutafuta uhuru, tangu 1703 hata 1711, alimpelekea mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa divai hiyo ili kumvuta awe upande wake. Divai ilisifiwa sana. Msaada haukutosha, na vita vilishindwa. Mwaka 1737 mfalme alitoa amri ya kuweka mipaka, kwamba vijiji fulani tu ndivyo vyenye haki ya jina la Tokaj, na hiyo ni moja katika sheria za kwanza za namna hiyo duniani. Warusi nao waliipenda hata wakaweka huko Tokaj watu wao wa kununua divai, pamoja na askari wa kuilinda njiani, tangu 1733 mpaka 1798. Na wimbo wa taifa wa Hungaria, ulioandikwa na Ferenc Kölcsey mwaka 1823, waitaja Tokaj kati ya baraka za nchi.

Kisha zikaja siku mbaya. Wanunuzi wakubwa walikuwa watu wa Poland, na nchi yao ilipoanza kugawanywa na majirani mwaka 1772, ushuru ulipanda na biashara ikaanguka. Katika miaka ya 1880 akaja mdudu mdogo wa mizizi, atokaye Amerika, aitwaye filoksera, akaangamiza sehemu kubwa ya mashamba. Wakulima wakalazimika kupanda upya, wakiunganisha matawi ya mizabibu yao na mashina ya mizabibu ya Amerika ambayo mdudu hayawezi.

Lakini baya kuliko mdudu lilitoka kwa wanadamu. Katika vijiji vile, hasa Mád, walikuwako Wayahudi wengi, nao kwa muda mrefu ndio waliokuwa wafanya biashara wa divai, wakiipeleka Poland na kwingineko. Wengine walikuwa na mashamba na mapango yao wenyewe. Sinagogi lao la Mád lilijengwa mwaka 1795. Mwaka 1944, baada ya majeshi ya Kijerumani kuingia Hungaria mwezi wa Machi, watu hao walikusanywa, wazee na watoto, wakatiwa katika magari ya moshi, wakapelekwa Auschwitz, na wengi wao wakauawa huko. Mavuno ya mwaka ule yalikuja bila wao. Sinagogi lasimama hata leo, limetengenezwa vizuri, na wageni huja kulitazama, lakini kijiji hakina tena watu wa kulijaza siku ya Sabato. Mwalimu atakayewafundisha watoto habari ya divai hii asiliache neno hili kwa kuwa ni chungu.

Baada ya vita serikali ya Kikomunisti ilichukua mashamba na kuyaweka chini ya shirika la dola. Divai iliuzwa kwa wingi katika Urusi ya Kisoviet, na wingi ndio uliotafutwa. Mizabibu ikapandwa bondeni palipo rahisi kulima, na miteremko mizuri ya zamani ikaachwa kuota vichaka. Utawala huo ulipokoma, watu walirudi mlimani. Wageni nao walikuja na fedha zao; mmoja wa wa kwanza ni Hugh Johnson, Mwingereza mwandishi wa vitabu vya divai, aliyekuwa kati ya walioanzisha kampuni ya Royal Tokaji mwaka 1990. Mwaka 2002 UNESCO iliiandika nchi hiyo ya mizabibu kati ya urithi wa dunia nzima.

Katika siku hizo mpya ndipo ilipopata kuenea ile divai waiitayo ya mavuno ya kuchelewa. Hii si aszú. Zabibu huachwa vivyo hivyo mtini mpaka mwisho, lakini hazichumwi punje moja moja. Shada zima hukatwa, zilizosinyaa na nzima pamoja, Furmint na Hárslevelű na muskati zikachanganywa, zikakamuliwa. Wala haikai miaka katika pipa, bali hutiwa chupani mapema. Zamani ilikuwako ndugu yake mkubwa, iitwayo Szamorodni, neno la Kipolandi, maana yake "kama ilivyozaliwa". Ile ya mavuno ya kuchelewa ni nyepesi, ina harufu ya matunda mabichi na asali, na bei yake ni ndogo. Wako wazee wa huko waionao kama njia ya mkato. Mimi naona si aibu mkulima kupata fedha ya mwaka huu huku akingojea aszú ya miaka ijayo, maana watoto wake wala kila siku.

Yabaki neno la chakula, nalo ni kubwa, kwa maana divai hii haikuwekewa kunywewa peke yake. Huletwa baridi, si baridi ya barafu, bali kama digrii 10 hata 12, katika bilauri ndogo.

Chakula cha kwanza kwa watu wa Hungaria ni ini la bata bukini. Wao hufuga bata bukini wengi, na ini lake lina mafuta kama siagi. Mafuta hayo hufunika ulimi. Uchachu wa divai huyaosha, na utamu wake hupatana na ladha ya ini. Sisi twafanya vivyo hivyo tukamuapo ndimu juu ya samaki wa kukaanga, au tulapo achari pamoja na pilau yenye mafuta. Kwa sababu hiyo hiyo divai hii yafaa pamoja na bata wa kuoka aliyepikwa na matunda.

Cha pili ni jibini yenye mishipa ya ukungu wa buluu, kama ile ya Roquefort ya Ufaransa, itengenezwayo kwa maziwa ya kondoo na kuivishwa mapangoni. Jibini hii ina chumvi nyingi na harufu kali. Pekee yake wengi wangeikataa. Lakini chumvi na utamu vikikutana, kila kimoja humwinua mwenziwe. Mtoto wa pwani alaye embe kwa chumvi na pilipili hahitaji kufundishwa jambo hili. Asiye na jibini na ajaribu korosho za kukaanga zilizotiwa chumvi, atafahamu.

Cha tatu ni vitamu, na hapo watu wengi hukosea. Wao hupika chapati nyembamba, ndugu ya chapati zetu za maji, wakazikunja na kokwa za jozi zilizosagwa ndani yake; au hupika mikate ya aprikoti, tunda la manjano lenye uchachu kidogo. Hivi vyafaa. Kanuni yake ni kwamba chakula kisiwe kitamu kuliko divai. Ukila kaimati zilizozama katika shira, kisha ukanywa divai hii, utaiona chachu na nyembamba, nawe utailaumu divai kumbe kosa ni la shira. Chokoleti nzito nayo huifunika kabisa, ijapokuwa wenyeji wengine wa Budapest hawatakubaliana nami, kwa sababu wana chapati zao mashuhuri za mchuzi wa chokoleti.

Vyakula vya pilipili na tangawizi navyo havikatazwi. Utamu hupoza moto wa pilipili. Walakini pilipili iwe ya kiasi, isiue harufu ya zile zabibu zilizongojewa muda mrefu hivyo.

Chupa ya aszú ina nusu lita tu, nayo ikitunzwa mahali penye giza na baridi yaweza kukaa miaka mingi kuliko maisha ya aliyeinunua. Ile ya mavuno ya kuchelewa haikutengenezwa kungoja hivyo. Hunywewa ingali changa, mwaka hata mwaka, na wavunaji waliokata mashada yake huwa wamekwisha kurudi katika mistari ile ile, asubuhi ya Oktoba, wakingoja ukungu uondoke wapate kuona.